Zulia Lenye Misumari

Jumapili, 3 Machi
Mvua imeanza leo na mama mkwe amefika leo, sijui nani kamtangulia mwenzake. Baba Kipara kamshusha mlangoni kutoka kwenye lori lake, na mzigo wake ulikuwa begi moja na ndoo moja. Nani anasafiri na ndoo? Nikajisemea, haya, mgeni kaja na kazi yake mkononi.

Anakuja kumlea Kipara, maana keshokutwa narudi karakana kushona mapazia, la sivyo mashine yangu anapewa mwingine. Kipara ana miezi minane, kichwa hakina unywele hata wa dawa, na kifua chake ni kibovu. Desemba tulilazwa naye kwa nimonia. Daktari alinikazia macho akasema sakafu ya baridi iwe mwiko, kwa sababu ikirudi tena ile nimonia hatoi ahadi. Neno hilo la ahadi ndilo ninalolala nalo tangu siku ile.

Kwa hiyo nilitandika zulia jekundu alilonipa mama yangu siku ya harusi. Nilikuwa nimelikunja juu ya kabati miaka yote nikiogopa kulichakaza. Nimelitandika kwa ajili ya mtoto, na kwa heshima ya mama mkwe pia. Kwetu mtu mzima haingii ndani akakanyaga sementi tupu, ni kumwambia hukumtarajia.

Akafika kizingitini, akaweka mguu mmoja ndani, akaganda. "Hapa kuna nini?"

"Zulia, Mama."

"La nini?"

"La kukukaribisha."

Akalipita na viatu vyake vyenye tope, mkono ukutani, moja kwa moja hadi kwenye kiti. Kwetu viatu vinabaki mlangoni. Nimesugua lile tope huku nacheka cheka na kuuliza habari za safari.

Jumatano, 6 Machi
Nimetoka kazini nimekuta zulia limekunjwa na kusimamishwa kwenye kona. Sakafu imepigwa deki hadi unajiona. Kipara yuko katikati ya sementi na nepi yake, anapiga viganja chini na kufurahi.

Nikasema taratibu, "Mama, daktari alikataza sakafu ya baridi."

"Kwetu sakafu inaoshwa kila asubuhi," akasema. "Hicho kitu chako kinakula uchafu kinanyamaza. Mimi nimelea saba kwenye sementi."

Nikalitandika upya. Hakusaidia wala hakuzuia.

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi nimetandika. Jioni limekunjwa.

Jumatatu, 11 Machi
Nimetandika. Limekunjwa.

Jumanne, 12 Machi
Nimetandika. Limekunjwa. Mvua haijakatika.

Alhamisi, 14 Machi
Leo nimeingia, nimevua viatu, nimesimama mbele ya mama mkwe uso kwa uso, naye ananiuliza, "Nani huyo?"

Nani huyo! Ndani ya nyumba yangu, na mfuko wa mboga mkononi. Nikasema ni mimi. Akasema, "Unanyata. Vaa kandambili humu ndani. Mtu mwenye adabu anasikika anapokuja."

Sasa hapo nilishindwa hata kukasirika vizuri. Kwetu mwenye adabu ndiye asiyesikika. Mama yangu alikuwa akisikia kisigino chako sebuleni anakurudisha mlangoni uanze upya. Nikienda miguu mitupu mwizi, nikivaa kandambili ndani nimewakosea walionilea. Na ukuta wangu je? Anatembea akiupapasa, ameshaniachia mstari wa mikono kutoka chumbani kwake hadi jikoni, kwenye rangi niliyopaka mwenyewe mwezi wa kwanza. Natamani kumwambia, Mama, ukuta hauanguki, uachie. Nimemeza.

Jumapili, 17 Machi
Baba Kipara alikuwepo. Nimemweleza habari za zulia mwanzo hadi mwisho. Akasema, "Nyinyi mtaelewana tu." Akala, akalala, akaondoka na lori lake. Raha iliyoje kuwa mwanamume.

Alhamisi, 21 Machi
Kipara amekohoa mara mbili. Huenda ni mate tu.

Ijumaa, 22 Machi
Si mate.

Nimerudi jioni, mlango wa nyuma uko wazi, mvua inaingia na upepo, zulia liko kwenye kona, na mwanangu yuko chini amelala kifudifudi kwenye sementi. Magoti yake yalikuwa ya baridi, kichwa kinachemka. Nilimfunga mgongoni nikatoka, na mama mkwe akatoka nyuma yangu, ameshika pindo la gauni langu. Nilidhani ni toba. Njia nzima hakuliachia, hata kwenye foleni, hata tulipokaa kwenye benchi. Kila nikisimama naye anasimama.

Daktari alisikiliza kifua, akasikiliza mgongo, akarudi kifuani. Mimi nilikuwa naangalia uso wake tu. Mwishoni akasema, "Safari hii mmewahi. Mapafu bado hayajaguswa." Tumepewa dawa.

Tulipofika nyumbani nikamketisha Kipara kitandani, nikarudi sebuleni. "Mama," nikasema, "ukilikunja tena hilo zulia, mimi na mwanangu tunaondoka humu."

Akauliza, "Sasa nitamsikiaje?"

"Kwani masikio yamefanya nini?" nikamjibu, nikaenda kulala na hasira zangu.

Jumamosi, 23 Machi
Nimenunua misumari midogo yenye vichwa vipana. Nimelitandaza zulia ukuta hadi ukuta, nikapiga msumari huku, nikapiga kule, pembe zote na kingo zote. Sehemu iliyozidi nikaiendeleza bila kuikata hadi kwenye korido, nikaipigilia nayo. Mvua inapiga juu, mimi napiga chini. Sidanganyi, nilikuwa na raha. Mama mkwe alikaa chumbani mwake amefunga mlango, na kila nilipopiga nilimfikiria yeye akisikia.

Alhamisi, 28 Machi
Kikohozi kimepungua. Kipara anatambaa nyumba nzima, haraka na bila kelele, ukigeuka huku yuko kule. Zulia halijakunjwa, litakunjwaje.

Ningetakiwa kufurahi. Lakini mama mkwe amenywea. Hatoki chumbani isipokuwa kwa lazima, na akitoka anatembea hatua fupi fupi na kusimama. Haniulizi tena nani huyo. Jana alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akainywa yote bila kusema. Nimeona ni kisirani. Ndoo yake iko mlangoni kavu.

Jumanne, 2 Aprili
Leo nimekuta uzi umefungwa kwenye kifundo cha mguu wa Kipara. Kwenye uzi kuna visoda viwili vya chupa, vimetobolewa katikati.

Nikaushika mguu wa mtoto nikauliza, "Hiki nini, Mama?"

"Kinasaidia."

"Kinasaidia nini?"

Akafumba mdomo. Mtu mwenye jibu la heri analitoa. Nikachukua mkasi nikakata, nikakitupa pipani mbele yake, na sijui kama aliona maana hakugeuka. Zulia ni ugomvi wa wanawake, sawa, lakini kumfunga mwanangu mambo nisiyoyajua, hapana.

Nimempigia Baba Kipara. Akacheka. "Mama yangu na uganga wapi na wapi?" Kicheko hicho ndicho kilichonimaliza. Nikamwambia, "Ukirudi, chagua. Mama yako au sisi." Akaacha kucheka.

Nimeshalisema na sijutii.

Ijumaa, 5 Aprili
Nataka kuandika yote kabla sijaanza kuyapamba.

Maji yaliingia karakana, tukaokoa vitambaa, mwenye karakana akaturudisha nyumbani mchana. Nilifika nimelowa chapachapa. Nikavua viatu mlangoni, nikaingia miguu mitupu. Mvua ilikuwa inapiga bati hata mimi mwenyewe sikujisikia.

Mama mkwe alikuwa anatoka jikoni. Mkono wa kushoto ukutani, mkono wa kulia ameshika birika la maji ya moto, mvuke unatoka, anapeleka kwenye chupa ya chai mezani. Na Kipara alikuwa anamwendea. Anatambaa juu ya lile zulia jekundu, kichwa juu, anacheka, na magoti yake na viganja vyake havitoi sauti yoyote.

Nilitaka kupiga kelele, sauti ikagoma, na Mungu alinisaidia ikagoma. Ningepiga kelele angeruka, na angeruka lile birika lingemwagika. Kipara akafika miguuni kwake. Akakaa kitako chini ya mdomo wa birika, akainua uso.

Na mama mkwe akasimama. Kitu kilimwambia asimame. Akasema kwa sauti ya chini, "Mume wangu, uko wapi?"

Alikuwa anaangalia pazia. Mtoto yuko chini ya kidevu chake na yeye anaangalia pazia.

"Niitikie, mume wangu. Niitikie bibi yako nijue ulipo." Birika lilikuwa linatetemeka. Tone moja likaanguka kwenye zulia, kando ya paja la mwanangu.

Hapo ndipo nilipojua. Kila kitu kwa mkupuo mmoja, tope, ukuta, chumvi, pindo la gauni langu hospitalini.

"Mama," nikasema polepole, "usisogee. Ni mimi. Yuko miguuni kwako. Nakuja."

Hakusogea. Nikavuka sebule, nikamtoa birika mkononi, nikaliweka juu ya meza mbali kabisa. Nikamwinua Kipara. Kisha nikakaa chini, na mama mkwe akateremka ukutani akakaa pia.

"Tangu lini?" nikauliza.

"La kushoto zamani. La kulia limeanza kufunga mwaka jana. Naona mwanga wa dirisha. Naona mtu akisimama kwenye mwanga."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani anampa kipofu mtoto?"

Nikamwambia alikuwa anamlea mwanangu na haoni, je, angemchoma? Nilimwambia kwa ukali, na haki yangu. Akasema, "Nilikuwa namuona kwa masikio. Kwenye sementi viganja vyake vinalia. Akienda mlangoni najua, akienda jikoni najua, akilala najua. Ulipopigilia hiki kitu, mtoto akanipotea. Wewe ukanipotea. Nikamfunga visoda."

"Na kandambili?"

"Nijue ni wewe, nisikuulize nani huyo mbele ya uso wako. Unafikiri sikusikia ulivyonijibu?"

Nilitaka kumtukana na nilitaka kumkumbatia. Nililia tu, na Kipara akaona tunacheza akaanza kunipigapiga mashavu.

Baadaye akasema, "Mwambie mumeo. Atanipeleka kwa dada yake." Wifi yangu anakaa ghorofani, anafunga mlango asubuhi na kurudi jioni. "Huko nitakaa kitandani nisubiri mlango ufunguliwe. Lakini mwambie. Umeshinda."

Jumamosi, 6 Aprili
Nimebaki nyumbani. Ninayo sentensi moja tu ya kusema na nyumba inakuwa yangu, na zulia, na ukuta, na kimya changu. Hata uongo si uongo. Haoni, na mtoto karibu aungue. Nani atanilaumu?

Jumapili, 7 Aprili
Mvua. Sijasema.

Jumatatu, 8 Aprili
Baba Kipara amepiga simu, yuko mbali bado. "Umetulia?" Nikamwambia ukirudi tutaongea. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, mikono mapajani, anasikiliza upande wangu wa simu.

Jumatano, 10 Aprili
Nimeamka nikamwambia, "Mama, mimi simwambii mwanao. Utamwambia wewe kwa mdomo wako. Tutaenda kwa daktari wa macho. Na kitu cha moto hukibebi tena, hata kikombe."

"Unanikatalia hata chai?"

"Nitakumiminia."

Akafikiri. "Na mtoto?"

"Mtoto tutamlea wote wawili, mimi nikiwepo." Nilikuwa nimeshamwomba mwenye karakana niletewe mashine nyumbani. Amekubali kwa kununa, mradi mapazia ya ile hoteli yatoke kwa wakati.

Halafu nikachukua koleo nikaanza kung'oa misumari. Ni kazi kuliko kuipigilia. Nikamwambia, "Sasa tembea unavyotembea." Akatembea kutoka chumbani kwake, mkono ukutani, hadi jikoni, kisha hadi mlango wa nyuma. Mimi nyuma yake nimepiga magoti na chaki ya kushonea, nachora pale bega lake na nyonga vinapopita. Akarudi, nikachora upya kwa usalama. Kisha nikachukua mkasi wa kazini, ule mkubwa, nikaingiza kwenye zulia la mama yangu.

Niliposikia nyuzi zinaachia nilikumbuka mama yangu akilianika juani na kufukuza kuku. Sehemu iliyobaki nilikata nimeuma meno. Sehemu ya korido nikaiondoa yote. Kingo nikazifunga kwa mkanda mgumu, nikazishona mara mbili, nikazigandisha chini kwa gundi zisije zikamtega mtu. Katikati pamebaki pekundu, pa Kipara, pakavu na joto. Pembeni mwa ukuta ni sementi tupu.

Mama mkwe alipitisha unyayo pale zulia linapoisha, akaenda, akarudi. Alichukua ndoo yake akaenda kuchota maji, akapiga deki ile njia kwa magoti, mwanzo hadi mwisho.

Nilimpigia mama yangu, bora alisikie kwangu.

"Umekata zulia langu? Lile?"

"Nimelipunguza, Mama."

"Zulia ni gauni, hata ulipunguze?"

Nikamweleza. Akasema, "Mabaki usitupe. Mshonee mkweo kitu cha kupigia magoti akipiga deki."

Jumamosi, 13 Aprili
Baba Kipara amerudi, na uso wa mtu aliyeendesha siku nzima akijiandaa kuchagua. Alikuta mama yake amesimama kwenye sementi, mgongo ukutani.

"Mwanangu, mimi sioni," akasema.

Akatuangalia mmoja mmoja akidhani tumepanga mzaha. Akainua mkono. "Mama, hivi ni vidole vingapi?"

"Vya nani?"

Akakaa chini. Akasema maneno yale yale tuliyoyajua, kwamba kesho anampigia dada yake, kwamba huku kuna mtoto, kwamba ni kwa usalama wa wote.

"Haendi," nikasema.

"Si wewe uliyeniambia nichague?"

"Ni mimi. Na ni mimi ninayekwambia haendi. Na ukiingia humu, ukiwa kwenye njia ya Mama vaa kandambili."

Akatazama sakafu, akaiona kwa mara ya kwanza. Akatazama zulia lilivyokatwa. Alipapasa ukingo niliouziba kwa mkanda, akawa anaupapasa muda mrefu, na nikaona machozi yanamdondokea mkononi. Mama yake alisikia pumzi yake ikibadilika. "Usilie kwenye sakafu yangu, nimetoka kupiga deki," akamwambia.

Jumatano, 17 Aprili
Daktari wa macho anasema ni presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi. Ametoa dawa ya matone ili mwanga uliobaki usikimbie nao. Kwenye foleni alishika pindo la gauni langu, na safari hii nilijua linashikwa kwa nini.

Jumatatu, 22 Aprili
Tumegombana kwa sababu ya deki. Anamwaga maji mengi yanafika kwenye zulia. Nimemwambia. Ameniambia mimi ni mchafu niliyezungukwa na vitambaa. Siku njema.

Jumamosi, 4 Mei
Kipara hajakohoa tangu ile dawa iishe.

Jumapili, 12 Mei
Mvua inakaribia kwisha, leo imenyesha asubuhi tu kisha jua. Nilikuwa nashona pazia la mwisho la hoteli, nimeupa mlango mgongo. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake anachambua mboga. Kipara alikuwa na visoda vyake mguuni, viwili vipya. Nimevitoboa mwenyewe kwa mmoja wa misumari niliyoing'oa.

"Zima mashine," mama mkwe akasema.

"Nimebakiza pindo moja."

"Zima."

Nikazima. Nikasikia visoda, si vile vinavyolia mfululizo anapotambaa. Kimoja, kimya. Kimoja, kimya.

"Hivyo si viganja," akasema kwa kunong'ona. "Yuko kwenye sementi, karibu na mlango wangu. Amesimama. Geuka taratibu, usimwite, atakaa."

Nikageuka. Alikuwa kwenye njia ya bibi yake. Miguu imetanuka, nepi imeshuka, ulimi nje, mkono mmoja umebandikwa ukutani, anausogeza, ndipo mguu unafuata. Hakuna mtoto niliyemuona akianza kutembea hivyo. Anatembea kama anavyoona watu wakitembea humu ndani.

"Nieleze," mama mkwe akasema.

Nikamweleza. Alisikiliza na majani ya mboga mkononi, kisha akafuta uso kwa kiwiko, akarudi kuchambua.

Nilikuwa nimenunua kopo la rangi kwa ajili ya ule ukuta, liko chini ya meza ya mashine. Jioni hii nimeukagua. Mstari wa mama mkwe uko palepale, usawa wa kifua changu. Chini yake kabisa, usawa wa goti, sasa kuna madoa mengine madogo ya uji na mate, yanatoka mlangoni kwake na kuishia pale alipochoka. Kopo nitalirudisha dukani.